Bega Linapouma, Mfupa Uchongwe?

Kwa muda mrefu, mtu aliyefika kwa daktari wa mifupa akilalamika kwamba bega linamchoma kila anapoinua mkono alipewa maelezo yaleyale: kano imebanwa na mfupa, mfupa ukichongwa nafasi itapatikana na maumivu yatakwisha. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa matundu madogo mawili au matatu, kamera ikipita tundu moja na mashine ya kuchongea tundu jingine. Kisha, mwaka 2017 na 2018, watafiti wa Uingereza na Finland walichapisha tafiti zilizouweka upasuaji huo kwenye mizani, na madaktari wakagawanyika.

Nimewakalisha hapa watu watatu wajadiliane: mpasuaji wa mifupa, mtaalamu wa fiziotherapia, na fundi rangi ambaye bega linamuuma. Wazungumzaji ni wa kubuni. Tafiti, miaka na takwimu wanazozitaja ni za kweli. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

FUNDI: Mniruhusu nianze, maana bega ni langu. Nina miaka 52, kazi yangu ni rangi, kuta na dari. Miezi saba sasa bega la kulia halinipi raha. Nikiinua brashi kufika usawa wa sikio linachoma hapa kwa nje. Nikijikaza nikapita pale, mkono ukasimama wima, linatulia. Usiku silali ubavu wa kulia. Hospitali niliyokwenda mwanzo walinipiga eksirei, wakaniambia kuna mfupa umeota na unakata kano, nikatafute pesa ya operesheni. Ninachotaka kujua ni kimoja: nizitafute au nisizitafute?

MPASUAJI: Pole sana, fundi. Ulivyoeleza ndivyo wanavyoeleza wengi. Maumivu huanza mkono ukipita nyuzi 60 hivi, yakapungua ukivuka 120. Nikueleze kilichomo humo ndani. Kichwa cha mfupa wa mkono kimezungukwa na kano za misuli minne, ndizo zinazokishikilia kisihame mahali pake. Kano ya juu hupita chini ya ncha ya mfupa wa bega, hiyo unayoigusa ukipapasa juu. Tunaiita akromioni. Katikati kuna kifuko chembamba chenye ute, kinachofanya kano iteleze vizuri. Ukiinua mkono, nafasi ile huwa finyu. Mwaka 1972 mpasuaji wa Marekani aitwaye Charles Neer alichapisha uchunguzi wake wa mifupa ya mabega 100 ya maiti. Katika baadhi yake aliona upande wa chini wa akromioni, mbele, umeota vijinundu palepale kano inapopita. Akasema kano huliwa na mfupa, kama kamba inavyoliwa na ukingo wa kisima. Basi tiba ikawa kuupunguza ukingo. Zamani zile bega lilifunguliwa kwa kisu. Kufika 1987 mwenzake, Harvard Ellman, alikuwa amekwisha kuchapisha matokeo ya kazi hiyohiyo ikifanywa kwa kamera. Leo mgonjwa huingia asubuhi na mara nyingi jioni yuko nyumbani kwake.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Umelieleza vizuri wazo hilo, daktari, na naona ndiyo sababu liliwaingia watu haraka. Nchini England upasuaji huu ulifanywa mara 2,523 katika mwaka wa 2000 hadi 2001. Miaka tisa baadaye ulifanywa mara 21,355. Mabega ya Waingereza hayakuharibika mara nane katika muda huo. Kilichoongezeka ni kamera, madaktari waliojua kuitumia, na imani kwamba ukingo ndio mkosaji.

Lakini kamba ya kisima haina uhai, daktari. Kano inao. Ina seli, ina damu, hujijenga ikipewa kazi ya kiasi chake, hudhoofika ikipewa kazi kupita kiasi, na hudhoofika pia ikiachwa bila kazi. Wengi sasa wanaona uchakavu wake huanzia ndani ya kano yenyewe, kwa umri, kwa mzigo, na kisukari na sigara navyo vina mkono wake. Tena mfupa ulioota na kano iliyochanika unaweza kuvikuta kwa mtu asiyeumwa kabisa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na tatizo walipigwa picha za MRI. Kati ya waliovuka miaka 60, zaidi ya nusu walikuwa na kano zilizochanika, nyingine nusu, nyingine kabisa. Wenyewe hawakuwa na habari.

FUNDI: Kwa hiyo ile picha yangu ilikuwa uongo?

MTAALAMU WA MAZOEZI: Hapana, kaka. Mfupa ulioonekana upo. Ila picha haiwezi kusema kwamba maumivu yako yanatoka hapo.

MPASUAJI: Kwa hilo hatugombani, dada. Sijawahi kupasua picha. Nampasua mtu aliyekwisha kumeza dawa, kufanya mazoezi, kuchomwa sindano, na bado halali usiku. Na hapa ndipo ninaposimama. Wagonjwa wangu wanapona. Wanarudi kliniki baada ya miezi sita wakiinua mikono juu ya kichwa, wananishukuru. Niwaambie nini? Kwamba hawakupona?

Naomba niingilie, kwa sababu swali la daktari ndilo kitovu cha mgogoro wote huu, na watu wengi hulijibu vibaya. Wagonjwa wake walipona kweli. Hakuna mtafiti aliyewaambia kwamba maumivu yao yalikuwa ya kufikirika, wala kwamba nafuu yao ilikuwa ndoto. Kinachoulizwa ni kipi kati ya mambo yote waliyotendewa ndicho kilichowaponya. Mtu aliyepasuliwa amechongwa mfupa, sawa. Lakini pia amelazwa usingizi, bega lake limeoshwa kwa maji ya chumvi, amepewa ruhusa ya kupumzika wiki kadhaa, ameelekezwa mazoezi baada ya hapo, ameamini kwamba sasa kasoro imeondolewa, na miezi sita ya maisha yake imepita. Daktari anayesimama kliniki anaona jumla ya hayo yote. Hawezi kwa macho yake kuitenga sehemu ya mashine ya kuchongea na nyingine zote, hata awe hodari namna gani. Ili kuitenga, lazima wapatikane wagonjwa watakaokubali kutobolewa bila kuchongwa, na wasijue.

Walipatikana. Huko Uingereza hospitali 32 na wapasuaji 51 walishirikiana katika utafiti ulioitwa CSAW, ukachapishwa katika jarida la Lancet mwezi Novemba 2017. Wagonjwa walikuwa 313. Kila mmoja alikuwa ameumwa kwa miezi mitatu au zaidi, amekwisha kufanya mazoezi na kuchomwa angalau sindano moja ya steroidi. Waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilichongwa mfupa. La pili liliingiziwa kamera, bega likakaguliwa, likafungwa, mfupa ukaachwa ulivyo. La tatu halikupasuliwa kabisa. Waliokuwa katika makundi mawili ya kwanza hawakuambiwa wametendewa lipi.

FUNDI: Mtu na akili zake akakubali alazwe usingizi, atobolewe, na pengine asifanyiwe chochote?

Walikubali, fundi, kwa hiari na kwa maandishi, baada ya kuelezwa yote. Mimi nawaheshimu sana watu hao. Walitoa mabega yao ili mimi na wewe leo tuwe na jibu.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Na jibu ni hili. Bega hupewa alama kwa kipimo kinachoanza sifuri hadi 48, na 48 ni bega lisilo na tatizo. Baada ya miezi sita, waliochongwa mfupa walikuwa na wastani wa 32.7. Walioingiziwa kamera tu walikuwa na 34.2. Ukitazama haraka utadhani waliochongwa walizidiwa, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa na maana. Walikuwa sawa. Kuchonga, ambako ndiko kulikobeba jina la operesheni nzima, hakukuongeza kitu.

MPASUAJI: Usikomee hapo, dada. Kundi la tatu, ambalo halikupasuliwa, lilipata 29.4. Makundi yote mawili yaliyopita mikononi mwa wapasuaji yalilizidi. Tena utafiti ule una kasoro ambazo sisi wapasuaji tulizionyesha tangu siku ya kwanza. Karibu robo ya waliopangiwa kuchongwa walikuwa hawajapasuliwa miezi sita ilipofika, na kati ya waliopangiwa kamera tu, ni zaidi ya watu wanne kati ya kumi. Wengine walikuwa wanasubiri zamu, wengine walipata nafuu wakaghairi. Ukiwahesabu watu kama wamepasuliwa nao hawajapasuliwa, utaonaje faida ya upasuaji?

MTAALAMU WA MAZOEZI: Hoja ya zamu naikubali, daktari, na watafiti wenyewe hawakuificha. Waliwahesabu tena waliopata kile walichopangiwa tu, na hitimisho halikugeuka. Kuhusu kundi la tatu, kabla ya utafiti kuanza walikubaliana kwamba tofauti isiyofika alama 4.5 mgonjwa hataihisi vya kutosha katika maisha yake. Waliochongwa waliwazidi wasiopasuliwa kwa alama 2.8. Hao wasiopasuliwa nao walipata nafuu kuliko walivyoanza, bila kutobolewa. Na jambo moja usilisahau: wao walijua kwamba hawakupewa kitu. Mtu anayejua amenyimwa hujipima kwa jicho tofauti.

Kisha kuna Finland. Utafiti wao, FIMPACT, ulitoka katika jarida la BMJ mwaka 2018, na waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka miwili mizima, kwa hiyo hapo hatuna kisingizio cha zamu. Waliochongwa na waliotiwa kamera tu hawakutofautiana kwa namna ambayo mgonjwa angeijali. Walikuwa pia na kundi la mazoezi, na hata hapo tofauti haikufika kiwango ambacho mtu angeihisi. Nchi mbili tofauti, wapasuaji tofauti, jibu moja.

MPASUAJI: ...Hilo la Finland ndilo lililonifanya nikae kitako nifikiri. Nakiri hivyo.

Naye hakuwa peke yake. Mwezi Februari 2019 jopo la kimataifa lililowakusanya wapasuaji, wataalamu wa fiziotherapia, watafiti na wagonjwa waliowahi kuugua bega lilichapisha pendekezo katika BMJ: mgonjwa wa aina hii asifanyiwe upasuaji wa kuchonga. Lilikuwa pendekezo zito. Huduma ya afya ya taifa ya England ilikuwa tayari imeuweka upasuaji huu kwenye orodha ya tiba 17 zisizofanywa ovyo; hii ya bega inaruhusiwa tu kwa masharti maalumu.

Sasa nafika kwenye hoja ya mpasuaji ambayo kwangu ina uzito kuliko zote, na nilitamani aiseme mapema.

MPASUAJI: Tafiti hizi ni za Uingereza na Finland. Kule mgonjwa akiambiwa operesheni basi, ana mlango mwingine. Ana mtaalamu wa mazoezi, na haulizwi pesa mlangoni. Fundi wetu anaishi wapi? Mtaalamu aliye karibu naye yuko hospitali ya rufaa. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, siku nzima ya kazi imepotea, na aambiwe arudi mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu? Atakwenda mara ya kwanza, ya pili ataumia roho, ya tatu hutamwona. Mimi nampasua siku moja. Ukinyang'anya kisu bila kuleta kitu mahali pake, umemwachia maumivu.

FUNDI: Hapo daktari umenisemea. Mimi nisipopanda ngazi leo, leo hatuli.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Mmesema kweli nyote wawili, na ningekosa la kujibu kama tungekuwa bado mwaka 2018. Lakini mwaka 2021 Lancet ilichapisha utafiti mwingine wa Uingereza, GRASP, wenye watu 708 walioumwa bega kwa namna hiihii. Nusu yao walipewa mazoezi yanayoongezwa ugumu hatua kwa hatua, wakikutana na mtaalamu hadi mara sita katika wiki 16. Nusu nyingine walikutana naye mara moja tu, kwa muda usiozidi saa moja. Wakafundishwa mazoezi machache mepesi, wakapewa kijitabu, wakaambiwa wakafanye nyumbani. Baada ya mwaka mzima makundi haya mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote. Mara moja, daktari! Nauli moja, siku moja ya kazi. Utafiti ule ulifanywa kwa ajili ya Waingereza, lakini kwangu mimi hakuna anayeuhitaji kuliko watu wetu.

MPASUAJI: Mradi hiyo saa moja iwe saa kweli, si dakika tano mlangoni.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Iwe saa kweli. Mgonjwa avue shati, apimwe, afanye mazoezi mbele yangu nimrekebishe, aulize anachoogopa. Wengi wanaogopa kwamba kila maumivu ni kano inayozidi kukatika, wakishaambiwa habari ya mfupa unaokata. Ndipo wanauacha mkono kabisa, misuli inanywea, na bega linazidi kudhoofika. Kuuondoa woga huo ni nusu ya kazi yangu.

FUNDI: Basi nionyeshe hayo mazoezi, tusije tukaachana na maneno.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiuno. Kiwiko kigande ubavuni, kimekunjwa, uvute tyubu kuelekea nje polepole, urudi polepole zaidi. Hiyo ni kwa misuli ya nyuma ya bega. La pili, vuta tyubu kwa mikono miwili kuja kwako, mabega yakirudi nyuma. La tatu, shika chupa ndogo ya maji, inua mkono kwa upande lakini uelekee mbele kidogo, ufike pale unapoweza. Likiuma kiasi cha kuvumilika, na asubuhi ya pili limetulia, uko salama. Likiuma usiku kucha, siku inayofuata punguza uzito. Usiache. Likizoea, badilisha chupa kwa kubwa zaidi. Usitazamie lolote wiki ya kwanza; wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki sita, na nataka uvumilie hadi ya kumi na mbili.

Na usidhani haya ni ya kumfariji mtu tu. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2012, watafiti waliwachukua wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya operesheni hiihii wakawapa mazoezi ya aina hii, yaliyolenga kano na misuli ya bega, wenzao wakapewa mazoezi ya jumla ya shingo na mabega. Baada ya miezi mitatu waliulizwa kama bado wanaitaka operesheni. Katika kundi la kwanza asilimia 20 walichagua kupasuliwa. Katika la pili, asilimia 63.

FUNDI: Na sindano?

MPASUAJI: Sindano ya steroidi hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa. Mwisho wa mwaka aliyechomwa na asiyechomwa wako pamoja. Kama maumivu ni makali hata mazoezi hayawezekani, nitakuchoma moja ili uweze kuanza. Una kisukari? Niambie kwanza, kwa maana sindano hupandisha sukari kwa siku chache.

FUNDI: Sina.

MPASUAJI: Vizuri. Sasa na mimi nidai haki yangu, kwa sababu sitaki mtu asome mjadala huu akaondoka akidhani kila bega linaponywa na tyubu ya baiskeli. Zile tafiti mbili za kuchonga mfupa, CSAW na FIMPACT, ziliwaacha nje watu ambao kano zao zimekatika kabisa. Fundi akianguka kwenye ngazi leo, kesho asiweze kuinua mkono hata kidogo, aje kwangu upesi. Hiyo ni kano iliyokatika ghafla, na kuishona mapema kuna faida. Bega lenye joto, lililovimba, na homa juu yake, lije usiku huohuo. Anayepungua mwili, anayetokwa jasho usiku, nitamtafutia kifua kikuu, maana kinaingia hata kwenye viungo. Mkono ukifa ganzi hadi vidoleni, nitaangalia shingo. Maumivu ya bega la kushoto yakija pamoja na kifua kubana, usije kwangu wala kwa dada, kimbilia hospitali, huo unaweza kuwa moyo. Na kuna bega lililoganda, ambalo hata mtu mwingine akijaribu kulizungusha kuelekea nje haliendi. Wenye kisukari hupatwa nalo zaidi. Nalo lina njia yake.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Hayo yote nayakubali bila shaka yoyote, daktari. Ndiyo maana nasema mgonjwa apimwe na mtu anayejua kabla ya kupewa hata hiyo tyubu.

Nikiulizwa niko upande gani, nitasema wazi. Naona ni kosa leo kumwambia fundi rangi mwenye bega kama hili akauze alichonacho ili mfupa wake uchongwe, na naona ni kosa kubwa zaidi kumwambia hivyo kwa kumwonyesha picha ya eksirei kana kwamba kesi imekwisha. Upasuaji wa tundu dogo hubaki upasuaji. Kuna dawa ya usingizi, kuna hatari ya usaha, kuna wanaotoka na bega lililoganda, na kuna wiki au miezi bila kipato. Hatari hizo ni chache, lakini mtu hatakiwi kubeba hata chache kwa ajili ya faida ambayo wapasuaji wenyewe, walipoipima kwa uaminifu, hawakuiona. Sifa kwao kwa kuipima. Fani yenye moyo wa kukagua kazi yake mwenyewe hivyo inastahili kuaminiwa inapotushauri juu ya mambo mengine.

FUNDI: Nimewasikia. Daktari, bega ni langu lakini ujuzi ni wako. Ungekuwa wewe?

MPASUAJI: Nikupime kwanza hapahapa. Inua. Shusha. Nisukume kwa nje... nguvu zipo. Niache nilizungushe mwenyewe... linazunguka vizuri. Kano haijakatika, wala bega halijaganda. Ningekuwa mimi, ningekwenda na dada. Urudi baada ya miezi mitatu. Ukirudi bila nafuu nitaanza upya tangu mwanzo, shingo ikiwemo, kabla hatujataja chumba cha upasuaji.

FUNDI: Jumatatu naanza dari ya madarasa manne.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Acha brashi kwenye dari. Chukua rola yenye mpini mrefu, simama chini, mikono yote miwili iwe usawa wa kifua. Fanya darasa moja kwa siku, usimalize mawili. Una kijana wa kukusaidia?

FUNDI: Ninaye. Kona na kingo atapaka yeye.

MTAALAMU WA MAZOEZI: Basi vua shati, kaka, tuanze. Saa yako imeanza kuhesabiwa.